Ninyi Mnaouliza Jina la Pili

Kila uchaguzi unapokaribia, na kila unapopita, mnauliza swali lile lile: serikali inafanya nini kuhusu ukabila? Mnaliuliza misikitini na makanisani, kwenye baraza za kahawa, redioni asubuhi, matangani. Mnaliuliza kwa uchungu wa watu walioonewa. Leo nawajibu. Serikali imefanya mengi kuliko mnavyokiri, na mengi kati ya hayo yamefia mikononi mwenu.

Nasema nanyi Wakenya wenzangu. Nasema na mwenye ploti ya kupangisha, na mjumbe wa bodi ya ajira ya kaunti, na mama anayempima mchumba wa mwanawe kwa jina la babake, na mzee anayeketi kwenye kamati ya kuamua nani raia na nani si raia, na msimamizi wa kundi la WhatsApp la wazaliwa wa kata moja. Wanasiasa nitawaweka kando. Wamekaripiwa miaka nenda miaka rudi, na kila karipio waliloshushiwa limewapa ninyi pa kujifichia.

Anzeni na yaliyoandikwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa msuluhishi, wakuu wa pande mbili walitia saini maafikiano, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Sheria hiyo inasema taasisi yoyote ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Inagusa ajira, inagusa umiliki na usimamizi wa mali. Anayetoa matamshi ya chuki inamtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, au inamfunga kwa muda usiozidi miaka 3, au yote mawili. Ikaundwa na tume ya kuisimamia, ile mnayoiita NCIC.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Rais hawezi kuingia Ikulu kwa kura za watu wa kwao peke yao: lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Chama cha siasa hakiwezi kuundwa juu ya kabila, lugha, dini wala eneo. Uhuru wa kujieleza umelindwa, ila mchochezi na mwenye matamshi ya chuki hawakupewa hifadhi ndani yake. Na ipo Ibara ya 27, ambayo wengi wenu mnaisoma nusu. Kifungu chake cha nne kinaikataza serikali kumbagua mtu kwa sababu ya rangi, asili, dini, lugha na mengine mengi. Mnapenda kukitaja hicho. Kifungu cha tano, kinachofuata hapo hapo, kinamkataza mtu kumbagua mtu mwenzake kwa sababu hizo hizo. Mtu, yaani wewe unayesoma.

Sasa twendeni langoni, tuone kifungu cha tano kinavyoishi.

Nilisimama kwenye lango la ploti moja katika mji wa Bonde la Ufa, jioni, nikimsubiri rafiki anayekaa humo. Kibao cha kadibodi kilikuwa kimefungwa kwa waya: nyumba ipo, chumba kimoja na choo ndani, maji masaa yote. Akaja binti aliyekuwa na bahasha ya kaki kwapani, muuguzi, kazi ameipata juzi katika hospitali ya mji ule. Msimamizi wa ploti akamfungulia chumba. Binti akafungua bomba, akatazama dirisha, akauliza dipoziti, akatoa simu tayari kulipa. Msimamizi akamuuliza anaitwa nani ili aandike risiti. "Mercy." "Mercy nani?" Binti akataja jina la babake. Yule bwana akakitazama kicha cha funguo mkononi kwa muda, halafu akasema, pole sana dada, nilisahau, kuna mtu alishalipia asubuhi. Akamwelekeza ng'ambo ya reli, kwenye ploti nyingine, akasema huko watu wake ni wengi.

Hakumtukana. Hakupandisha sauti. Alimwita dada. Kibao kikabaki kimefungwa langoni, na mimi nilipomuuliza akanieleza bila haya: mwenye ploti hataki matatizo uchaguzi ukifika. Mwenye ploti mwenyewe, nikaambiwa, ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Amri ile aliitoa kwa simu, mara moja tu, nayo imetekelezwa tangu siku hiyo kwa kila anayebisha lango.

Ninyi mnaofanya hivyo mnajiona watu wa amani. Mnasema mnaepusha shari. Sikilizeni mnachokitengeneza. Mnapanga mitaa kwa kabila, nyumba kwa nyumba, mpaka mtaa mzima uwe na jina la watu. Tarehe 27 Januari 2008, huko Naivasha, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja, wakiwemo watoto. Kabla ya hapo, tarehe 1 Januari, wanawake na watoto waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo humo walimokimbilia. Wachomaji hawakuhitaji ramani. Miaka yote majirani walikuwa wamekwisha kuhesabiana nani anakaa wapi. Mwenye ploti anayempeleka kila mtu "kwa watu wake" ameiandika orodha hiyo mapema, kwa herufi za kusomeka, naye Jumapili anakaa kiti cha mbele.

Mtasema, wao pia wanatufanyia hivyo kwao. Najua wanafanya. Ndiyo maana nimesema nanyi nyote, wala sijataja kabila la yule binti wala la yule mzee. Kila anayesoma hapa amekwisha kuwajaza mwenyewe, na kila mmoja amewajaza kwa namna inayomwacha yeye na watu wake upande wa walioonewa. Tazameni hilo ndani yenu kabla hamjaendelea kusoma.

Nije kwa wajumbe wa bodi za ajira. Mwaka 2011 tume ilitoa hesabu ya utumishi wa umma ikaonyesha makabila mawili, Wakikuyu na Wakalenjin, yana karibu asilimia 40 ya kazi zote za serikali. Makabila mengine yakapiga kelele, na kelele hiyo ilikuwa ya haki. Kisha ugatuzi ukaja 2013, na waliopiga kelele wakapewa ofisi zao wenyewe, bajeti zao na mihuri yao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilikuwa imewatangulia: angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti ile. Tume ilipokagua tena, mwaka 2016, ilikuta kaunti 15 tu kati ya 47 ndizo zilizotii. Waliodai haki Nairobi waliwanyima wengine haki huko nyumbani, na wakalala usingizi.

Mnajua jinsi inavyofanyika, maana mnaifanya. Tangazo la kazi linatoka gazetini likiwa safi, na mstari wa chini unawahimiza watu wa jamii zote waombe. Maombi yanakuja mamia. Kisha zinaanza simu. Mwakilishi wa wadi anataka mtu wake aangaliwe. Mjumbe wa bodi anamnong'oneza mwenzake, huyu ni mtoto wa nani? Faili ya mwenye shahada nzuri na jina la mbali inawekwa chini, na haisemwi kwamba imekataliwa. Siku ya usaili kijana huyo anaulizwa maswali matatu, anashukuriwa, anapanda matatu kurudi alikotoka, na nauli aliyokopa hairudi. Mzee wa bodi anasema: kaunti ni yetu, kwani huko kwao hawana kaunti?

Na hapa ndipo mnapojiumbua. Kaunti inapobaki na kabila moja, je, mnatosheka? Mnaanza koo. Huko kaskazini vyeo vinagawanywa kwa koo kabla ya kura kupigwa, wazee wakiketi na kuamua ukoo gani utoe gavana na upi utoe seneta. Huko Gusii mnajua ukoo wa kila mgombea kabla hamjajua alichosomea. Ukabila ukipewa nyumba yake hautulii. Unabomoa kuta za ndani kutafuta wa kumtoa.

Septemba 2016 viongozi wa Uasin Gishu waliongoza watu kuandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi, wakimpinga kaimu makamu mkuu aliyeteuliwa, kwa sababu hakuwa "mtu wa hapa". Chuo kikuu, kilichojengwa kwa kodi ya kila Mkenya, kinachofundisha watoto wa kila Mkenya! Mliokuwa barabarani siku ile na majani ya miti mikononi hamkuwa mawaziri. Mlikuwa wazazi na wafanyabiashara. Na ni mara ngapi tangu hapo wanakijiji wamelifunga lango la shule kwa mnyororo, watoto wakiwa nje, ili mwalimu mkuu aliyeletwa kutoka kaunti nyingine arudishwe? Mtoto anasimama nje ya lango, sare imefuliwa, anamwona babake akimfukuza mwalimu kwa ajili ya kabila lake. Somo hilo halifutiki hata mngemlipia karo ya miaka ishirini.

Ninyi wa Pwani msidhani mmesalimika. Mnajisifu kwa ukarimu, kwa Uswahili wenu, kwa bahari iliyoleta kila mtu mkakaa naye. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na baada ya hapo watu wa bara wakasakwa, vibanda vyao vikachomwa, zaidi ya 100 wakafa na maelfu kwa maelfu wakakimbia, wengi wakiwa wamezaliwa hapo hapo au wameishi hapo nusu ya maisha yao. Ipo siasa iliyowachochea, naam. Lakini neno "mbara" lilikuwepo vinywani mwenu kabla ya siasa hiyo, na lipo bado, mnalisema mbele ya mpangaji wenu, mbele ya mke wa ndugu yenu, mbele ya daktari anayewatibu. Nanyi mliotoka bara mkaja Mombasa mkapata riziki, mnaomwita mwenyeji wenu mvivu, mnaocheka anavyotembea, mnaomwajiri kupika na kufagia lakini mhasibu mnamleta kwa basi la usiku kutoka kwenu, msidhani sijawaona. Dhuluma ya ardhi ya Pwani ni ya kweli, ina miaka zaidi ya mia, na ninyi mnaikanyagia hapo hapo penye kidonda.

Nifike kwenye vitambulisho, kwa sababu huko serikali yenyewe ina mzigo wake, nami sitauficha. Mwaka 1989 iliwachuja Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwataka wathibitishe uraia ambao jirani zao hawakuulizwa. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa au wa Wajir alipofika miaka 18 aliitwa mbele ya kamati, akatakiwa alete hati za wazazi, na za mababu ikibidi, huku kijana wa Nyeri akichukua kitambulisho chake kwa fomu moja. Wanubi wa Kibra, ambao mababu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari, walipitishwa njia hiyo hiyo kizazi baada ya kizazi, na hati ya ardhi ya jamii yao, ekari 288, hawakuipata mpaka 2017. Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walikaa Kwale wakazaa, wakazikana, wakaitwa wageni. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai watambuliwe. Mwaka 2017 wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona wakafuata 2021, Wapemba wakafuata 2023. Februari 2025, huko Wajir, rais alitangaza kwamba uchujaji wa kaskazini umekwisha.

Hizo ni hatua, zimechelewa, na ni hatua. Lakini ninyi mlikuwa wapi miaka yote hiyo? Meza ya uchujaji iliwekwa na serikali, na waliokaa nyuma yake walikuwa wazee wa mtaa. Walikuwa majirani. Mzee aliyekula futari nyumbani kwa Mnubi mwezi wa Ramadhani aliketi kwenye kamati mwezi wa Shawwal akamuuliza mtoto wa nyumba ile babu yake alizaliwa wapi. Wapo waliouza saini zao. Wapo waliokaa kimya tu, na kimya hicho kikamnyima kijana kazi, simu yenye usajili, akaunti ya benki na nafasi chuoni. Tangazo la Wajir haliwezi kumlazimisha chifu kusimama kutoka kitini mtu anapoingia. Hilo ni lenu.

Mtasema mkoloni ndiye aliyetugawa. Ni kweli, naye alifanya kazi yake kwa utaratibu: alikata maeneo ya kila kabila, akawafunga wanaume kipande cha utambulisho shingoni, na mwaka 1955 aliporuhusu tena vyama vya Waafrika alivifunga ndani ya wilaya, wilaya kwa wilaya, asiwepo Mwafrika wa kusema kwa niaba ya Kenya nzima. Mkoloni huyo aliondoka 1963. Waliokuwa watoto siku ile sasa ni wazee wenye wajukuu. Kipande kimetoka shingoni, ninyi mmekihamishia mdomoni, na mnamwomba kila mgeni awaonyeshe chake kwa kumuuliza jina la pili.

Mtasema tulidhulumiwa ardhi. Wapo miongoni mwenu waliodhulumiwa kweli, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake Mei 2013 iliyaandika hayo, kurasa kwa kurasa. Tarehe 26 Machi 2015 rais aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizopita, akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya walioumizwa. Utekelezaji umesuasua kwa namna ya kuaibisha, na hapo mna haki ya kupiga kelele, pigeni. Dai la shamba lina mlango wake. Lakini muuguzi wa miaka 24 anayetafuta chumba cha kulala hakugawa mashamba 1965. Kumlipiza yeye ni woga wa mtu asiyethubutu kumshtaki mwenye hatia.

Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri, Februari 2008, kwamba viongozi wake waliegemea pande katika uchaguzi wa 2007, na likaomba radhi. Nawaheshimu kwa hilo. Basi mbona bado maikrofoni inapelekwa kwa mgombea kabla ya sadaka kukusanywa? Mbona mahubiri ya mjini, kwenye kanisa lenye watu wa kila namna, yanageuka lugha ya nyumbani pale tu mhubiri anapotaka kusema jambo la siasa? Na mashehe, na maimamu, mnaosema umma ni mmoja, mbona binti akileta mchumba Mwislamu wa kabila jingine mnatafuta sababu isiyo ya dini?

Wazazi, ninyi ndio wakuu wa kosa hili. NCIC ilianzisha vilabu vya Amani shuleni. Watoto wanaimba, wanaigiza, wanachora bendera, wanafundishwa kwamba rafiki hana kabila. Kisha mtoto anarudi nyumbani saa kumi na moja, anaketi mezani, na babake anasoma habari kwenye simu na kusema kwa sauti, hawa watu ni wezi, wamezaliwa hivyo. Mama anaongeza hadithi ya mfanyakazi wa ndani. Shangazi anacheka. Mtoto ana miaka minane na rafiki yake wa darasani ndiye mtu wa kabila hilo. Kesho yake anamtazama kwa jicho jipya, wala hajui amelitoa wapi. Mnapomwona akiwa na miaka ishirini ameshika jiwe, mnauliza nani amemharibu. Aliketi mezani kwenu miaka kumi na miwili akisikiliza.

Na simu. Aprili 2022 tume ilichapisha orodha ya maneno 23 iliyoyahesabu kuwa ya uchochezi, yakiwemo "madoadoa" na "mende". Mlichofanya ni kuyageuza utani, mkayatumiana kwa vikaragosi siku nzima. Lile la kwanza lilitangulia vita vya Bonde la Ufa vya tangu 1991, wakati watu walipofukuzwa mashambani kwa sababu ya kabila lao. Lile la pili lilitangazwa redioni Rwanda mwaka 1994, juu ya Watutsi, na katika siku zipatazo mia moja waliuawa watu zaidi ya 800,000. Jirani yetu! Watu wa Afrika Mashariki kama sisi, wanaokunywa chai na kuzika wafu wao kama sisi. Msimamizi wa kundi, wewe unayesoma neno hilo katika ujumbe wa mwanakundi ukaacha lipite kwa kuwa aliyelituma ni binamu yako, umeona kifo kikipita mlangoni ukakinyamazia kwa ajili ya udugu.

Wapo wasiofanya hivi. Wapo waliowaficha majirani zao darini mwaka 2008, wakawavusha usiku hadi kituo cha polisi, wakaitwa wasaliti na watu wao. Wapo wenye ploti wanaomwandikia risiti yeyote aliye na kodi. Wao hawahitaji karipio langu, na wengi hawajawahi kushukuriwa hadharani. Lakini ni wachache, na ninyi mlio wengi mnaishi kwa kivuli cha jina lao jema, mkisema Wakenya ni watu wema, shida ni viongozi.

Viongozi wanapandishwa jukwaani na nani? Juni 2016 wanasiasa wa pande zote mbili walikamatwa kwa matamshi yao wakalala mahabusu ya Pangani. Nchi nzima ilizungumza. Kesi za namna hiyo zimekwama au kuporomoka mara kwa mara, na mojawapo ya sababu ni kwamba ushahidi haukutosha. Haukutosha, na mkutanoni walikuwepo maelfu, kila mmoja na simu yake juu akirekodi! Mlirekodi mkampelekea nani? Mliwatumia marafiki, mkaweka muziki nyuma yake. Kituoni kuandika taarifa hamkufika, kwa kuwa aliyesema alikuwa wenu na waliotukanwa walikuwa wale. Akitukana wa upande wa pili, hapo ndipo mnapoikumbuka tume, mnaipigia simu, mnadai ifanye kazi yake.

Kwa hiyo msiniambie tena kwamba sheria za Kenya hazina meno. Mmezing'oa ninyi. Thuluthi moja ya ajira imevunjwa na wajumbe wa bodi wenye majina na anwani. Kifungu cha tano cha Ibara ya 27 kinavunjwa langoni, kwa sauti ya upole, na mzee wa kanisa. Hakuna serikali duniani inayoweza kuweka askari kila meza ya chakula.

Uchaguzi mkuu mwingine ni Agosti 2027. Mwenye ploti, mpigie msimamizi wako simu leo umwambie amri ile imefutwa, na umwambie mbele ya wapangaji. Mjumbe wa bodi, hesabu watu mliowaajiri mwaka uliopita na utafute asilimia 30 ilipo. Kama haipo, sema hivyo kikaoni, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Mzazi, mchumba huyo akija, muulize anafanya kazi gani na anamtendea mwanao vipi. Na siku utakapomsikia mgombea wa kabila lako, unayempenda, uliyempikia chai, akiwaita watu wengine wadudu au magugu, usitume video hiyo kwa rafiki. Jaji Mkuu alitenga mahakama za kesi hizi mwaka 2022, huko Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Nenda kituo cha polisi, andika taarifa kwa jina lako kamili, la kwanza na la pili, na siku ya kesi ufike mahakamani useme ulichosikia.